Je, studio za Hollywood zinataka milipuko tu? Jibu kwa mwandishi wa Morogoro

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimeandika skripti ya filamu ya dakika 100 hivi. Inamhusu fundi cherehani wa Morogoro ambaye macho yanamfifia, naye anamficha binti yake hali hiyo huku akiendelea kupokea kazi za wateja. Ndoto yangu ni kuifikisha Hollywood. Nililipia mafunzo ya wiki tatu ya mtandaoni, mkufunzi akaniambia studio kubwa siku hizi hazinunui stori za wahusika, zinanunua aksheni tu. Akanishauri nimgeuze fundi awe komando mstaafu, niweke kufukuzana kwa magari na milipuko isiyopungua mitatu. Ni kweli studio zinapendelea aksheni kuliko drama? Nibadilishe? Nimeambatanisha kurasa 20 za mwanzo. Mkufunzi anasema atanitumia mkataba mwisho wa mwezi. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimguse huyo fundi.

Swali lako si la kwanza wala la kumi. Kila baada ya wiki mbili tatu naletewa skripti iliyokuwa na mtu ndani yake, na sasa mtu ametolewa, amebaki bunduki. Na kila nikiuliza, nakuta kuna mkufunzi aliyelipwa kwa ushauri huo.

Nianze na kipande ambacho mkufunzi wako kakipata. Ndiyo, Disney, Universal, Warner Bros., Paramount na Sony zinaweka sehemu kubwa ya fedha zao kwenye filamu za mapigano, mashujaa wenye nguvu za ajabu na mifululizo isiyokwisha. Hilo analiona mtu yeyote anayepita mbele ya mabango ya sinema Mlimani City. Alichokosea ni sababu. Yeye anadhani watazamaji wamewachoka wahusika. Mwaka 1979 filamu iliyoongoza kwa mauzo Marekani ilikuwa Kramer vs. Kramer, habari ya baba na mama wanaogombea mtoto mahakamani. Mwaka 1988 iliyoongoza dunia nzima ilikuwa Rain Man, ndugu wawili safarini ndani ya gari, mmoja ana usonji. Katikati hapo, mwaka 1985, Universal ilitoa Out of Africa, iliyopigwa Kenya: mwanamke, shamba la kahawa na mapenzi yasiyokaa. Iliingiza zaidi ya dola milioni 200 na kuchukua tuzo saba za Oscar. Watu walionunua tiketi hizo hawakuumbwa tofauti na sisi. Kilichobadilika ni hesabu, na hesabu ndiyo mkufunzi wako hakukufundisha.

Chukua mfano. Drama imetengenezwa kwa dola milioni 30. Ili itoke kwenye majumba ya sinema zaidi ya elfu mbili siku moja, studio inatumia karibu kiasi hichohicho tena kwa matangazo. Sasa ni milioni 60. Katika kila tiketi inayouzwa Marekani, nusu hivi inabaki kwa mwenye jumba. Kwa hiyo filamu hiyo inabidi iuze tiketi za milioni 120 ndipo studio irudishe fedha zake zote. Drama chache zinafika huko. Filamu ya mashujaa iliyogharimu milioni 200 ina mzigo mkubwa zaidi, lakini inabebwa na mabega mengi: dunia nzima, midoli ya watoto, bustani za burudani, sehemu ya pili na ya tatu.

Zamani ile drama ya milioni 30 ilikuwa na mkombozi, nayo ni DVD. Ikianguka kwenye sinema, miezi sita baadaye familia zinainunua na kuiweka kabatini, na gharama inarudi taratibu. Soko hilo lilianza kuporomoka katikati ya miaka ya 2000, kisha Netflix ikaanza kurusha filamu kwa intaneti mwaka 2007, na mto ule ukakauka. Hapo ndipo filamu za bajeti ya kati zilipokufa, na wengi wa waandishi wake wakahamia televisheni. Wakati huohuo China ikafungua mlango. Kwa makubaliano ya mwaka 2012 filamu 34 za nje kwa mwaka ziliruhusiwa kuingia kwa mgawo, na studio ikapata robo ya mauzo. Mwaka 2016 filamu ya Warcraft haikufikisha milioni 50 Marekani, lakini China peke yake ilipita milioni 200. Mtu akitumbukia na gari darajani anaeleweka Beijing kama anavyoeleweka Buguruni. Mafumbo ya mke na mume mezani yanataka mkalimani hodari.

Kwa hiyo upendeleo upo. Sasa sikiliza jambo ambalo wauza mafunzo hawalisemi, na ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Aksheni ambayo studio zinaitaka si aksheni yako. Ni ile wanayoimiliki tayari. Disney iliinunua Marvel, wenye mashujaa wa vibonzo, mwaka 2009 kwa dola bilioni 4, na mwaka 2012 ikainunua Lucasfilm, wenye Star Wars, kwa kiasi kama hicho. Walinunua majina ambayo mtoto wa Lagos na mtoto wa Lima wanayajua kabla ya tangazo kutoka. Komando wako mstaafu wa Morogoro hana jina hilo. Ukimpa bunduki, studio haikuoni kama mwandishi wa aksheni, inakuona kama mtu asiyejulikana anayeomba fedha nyingi. Fundi wako wa sasa anaweza kupigwa picha kwenye baraza moja, chumba kimoja na soko, kwa fedha ambazo prodyuza wa Nairobi au Dar anaweza kuzihangaikia akazipata. Weka milipuko mitatu, na kila mlipuko ni mstari kwenye bajeti: wataalamu wa baruti, zimamoto, bima, vibali, magari ya kuharibu, siku za ziada za watu hamsini kulipwa na kulishwa. Skripti iliyokuwa na mlango mmoja wazi sasa haina hata mmoja. Ni ghali mno kwa prodyuza wa hapa, na haina jina la kumvuta wa kule.

Wala aksheni si kinga. Mwaka 2012 Disney yenyewe ilitangaza hasara ya dola milioni 200 hivi kwa filamu moja tu, John Carter, iliyojaa vita vya sayari ya Mars. Kwa upande mwingine, mwaka 2023 Universal ilitoa Oppenheimer, saa tatu za wanasayansi na wanasiasa wakizungumza vyumbani, kwa bajeti ya milioni 100, ikaingiza zaidi ya milioni 950. Najua utaniambia ile ilikuwa na mwongozaji mwenye jina. Sawa. Hiyo ndiyo hoja: jina ndilo lililonunuliwa, si aina ya filamu.

Kosa lililo chini ya makosa yote haya ni kudhani aksheni na mhusika ni mizani, kwamba ukiongeza huku unapunguza kule. Black Panther ya mwaka 2018, aliyocheza Lupita Nyong'o wetu, iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Watu walitoka sinema wakibishana kuhusu nani? Kuhusu adui, Killmonger, kijana aliyemkuta baba yake ameuawa nyumbani kwao Oakland na hajawahi kupona. Mapigano yake na steringi yanauma kwa sababu tunajua anachodai. Ondoa yule mtoto wa Oakland, ubaki na watu wawili waliovaa nguo za kubana wakirushana.

Waliokulia vibanda umiza wanalijua hili bila kufundishwa. Marehemu Lufufu, aliyetafsiri filamu kwa sauti yake ya Kiswahili, alijaza vibanda vya Tanzania kwa picha za ngumi na za kivita, kama DJ Afro anavyofanya Kenya. Wangetaka ngumi tu, zilikuwa palepale kwenye kioo, hazikuhitaji sauti yake. Watu walilipa wamsikie Lufufu kwa sababu aliwaambia nani kamsaliti nani, huyu ana hasira ya nini, na yule pale ni shemeji wa nani. Alikuwa akiwapa wahusika.

Sasa turudi kwa fundi. Ukurasa wa 14 wa skripti yako, mteja amesimama juu yake akisubiri suruali, binti yuko mlangoni, na fundi anajaribu kutunga uzi kwenye sindano ambayo haioni vizuri. Anajaribu mara tatu. Anamwomba binti aende dukani akalete vifungo ambavyo tayari anavyo. Nilishika pumzi. Mtu anataka kitu, kuna kizuizi, muda unaisha, akishindwa siri inafichuka. Mkufunzi akikuambia hapo hakuna aksheni, hajui neno hilo lina maana gani. Udhaifu wako uko kwingine: ukurasa wa 17 hadi wa 20 fundi anamweleza rafiki yake kila anachohisi, kwa maneno, kama anatoa ushahidi. Zikate zote. Mwache aharibu gauni la harusi la mtu.

Njia ya drama ndogo ipo, ila haianzii kwenye ofisi ya studio. Inaanzia kwenye matamasha ya filamu. Moonlight ya mwaka 2016 haikufikisha bajeti ya dola milioni 5, ikaingiza kama milioni 65 na kubeba Oscar ya filamu bora. CODA, familia ya viziwi na binti yao anayesikia, ilinunuliwa na Apple kwa dola milioni 25 kwenye tamasha la Sundance mwaka 2021. Mwaka huohuo Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi, ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto, Kiswahili chake cha Zanzibar kikiwa kilekile. Na sitakuficha upande wa pili. Disney ilijaribu hapa kwetu kwa Queen of Katwe, mwaka 2016, ikapiga Kampala na Johannesburg habari ya binti mcheza chesi. Iligharimu kama milioni 15, sinema zikarudisha mauzo ya milioni 10 hivi. Filamu nzuri kabisa, na kwenye daftari ni hasara. Ndiyo maana studio ikiona drama inasita, na kusita huko hakuponi kwa kuongeza baruti.

Sasa niseme na wote wanaosoma, maana biashara hii imezidi.

Kuna watu wanauza fomula. Ukurasa wa 12 lazima kitokee kitu hiki, ukurasa wa 75 steringi akate tamaa, ukurasa wa 85 ainuke. Wameyatoa kwenye vitabu vya Wamarekani, wakayakata vipande, wanayauza kwa wiki. Muundo wa hadithi ni elimu ya kweli, nami naifundisha, lakini inachukua miaka ya kuandika na kufuta. Anayekuahidi wiki tatu anajua hutafika, na ada yako ameshaipokea.

Wabaya zaidi ni wale wa "kukuunganisha". Studio kubwa za Marekani hazifungui skripti iliyotumwa na mtu wasiyemjua. Wanasheria wao wanazirudisha bila kusomwa, wakiogopa kesi za kuibiwa wazo. Skripti inapita kwa wakala au mwanasheria anayejulikana kwao. Wakala wa kweli analipwa asilimia 10 ya mauzo, baada ya kuuza. Hadai ada ya kusoma, ya usajili wala ya kufungua faili. Yeyote aliye Dar, Nairobi au Los Angeles anayekutaka dola 200 kabla hajafanya lolote hauzi skripti, anawauzia matumaini waandishi wengi kwa mpigo. Nimeona vijana wameuza simu na pikipiki kwa hilo. Nimeona pia karatasi inayoitwa "mkataba wa uwakilishi" ambayo ndani yake mwandishi anatoa nusu ya umiliki wa kazi yake milele, kwa mtu ambaye hajawahi kutajwa kwenye filamu yoyote.

Kazi yako isajili mwenyewe kwenye ofisi ya hakimiliki, yaani COSOTA, au KECOBO kama uko Kenya, na usimpe mtu nakala kabla ya hapo. Anayejiita mshauri muulize ameandika au ameuza filamu gani, ilionyeshwa wapi, na jina lake liko wapi kwenye orodha ya mwisho wa filamu hiyo. Kisha itafute uitazame. Na wewe wa Morogoro, barua yako inasema mkufunzi atakutumia mkataba mwisho wa mwezi. Usitie saini. Mpelekee wakili, mwonyeshe kwanza kifungu cha haki za kazi, halafu kaa chini uandike upya ukurasa wa 17.