Ile "to" ya mwisho wa barua

Nilipoanza kazi ya saiba karibu na Tom Mboya Street, kila barua ya kuomba kazi niliifunga kwa sentensi moja. Niliihifadhi kabisa kwenye kompyuta nisihangaike kuichapa upya: "I am looking forward to hear from you." Mteja analipa, naprinti, anaenda zake.

Siku moja akaja mzee, mwalimu mstaafu, na barua ya kufuatilia malipo yake ya uzeeni. Akavaa miwani, akasoma polepole, akaweka kidole mstari wa mwisho.

"Kijana, hapa ni hearing."

"Lakini mwalimu, si tulifundishwa to hufuatwa na kitenzi kitupu?"

Akacheka. "Toa hicho kitenzi, weka your reply. Imekubali?"

Ilikubali. "I look forward to your reply."

"Haya, jaribu na I hope to hear."

I hope to your reply. Hata mimi niliisikia ikichechemea.

Kumbe to ni mbili. Moja hutangulia kitenzi, nyingine hutangulia jina, na hii ya pili ikikutana na kitenzi hukidai kivae -ing. Sisi tunateleza kwa sababu ya ku- yetu. "Nataka kusikia" na "kusikia kwake ni hafifu": neno ni lile lile, mara kitenzi, mara nomino, wala halibadiliki hata herufi. Tukiambiwa to ndiyo ku-, tunaibeba hivyohivyo hadi kwenye barua.

Kipimo cha mzee kimenifaa kwingine pia. Bawabu mmoja aliniletea barua aliyoiandika mwenyewe: "I am used to work at night." Alitaka kusema amezoea kukesha, basi ni "used to working". Na kama angeondoa am tu, "I used to work at night", mwajiri angeelewa kwamba kazi ya usiku aliiacha zamani. Kwa mtu anayeomba kulinda lango usiku, hilo si kosa dogo.

Kwa barua rasmi mimi huchagua "I look forward". "I am looking forward" imelegea kidogo, inamfaa mtu mnayefahamiana. Ile "Looking forward" isiyo na mwenyewe imejaa kwenye barua pepe, lakini katika barua ya kazi siipendi. Ni kama mtu anayeaga mguu mmoja uko nje. Na soon msimwekee mwajiri, jamani. Hamjamkopesha.

Tena, kama hungoji jibu, iache. Wiki jana nilichapa barua ya kuacha kazi, na mwenyewe akasisitiza nimalizie na sentensi hiyo. Nikamuuliza, "Dada, unangoja jibu gani?"

Akafikiri kidogo. "Pengine watanibembeleza."

Nikaiweka, na hearing yake.