Barua zenu: Maneno ya kuazima na mwenye lugha

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Binti yangu anasoma bweni huko bara, na likizo hii amerudi mnyonge. Wenzake wamemwambia kwamba Mswahili hana kabila wala lugha, eti Kiswahili ni Kiarabu kilichokatwakatwa. Nikamweleza mjomba wake, nikitaraji atamtuliza. Akasema ndivyo hivyo: maneno yetu yanaonyesha sisi ni Waarabu, na mwacha asili ni mtumwa. Mtoto amezidi kuchanganyikiwa, na mimi pia. Tumjibu nini?
*Mama Binti, Mombasa*

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako imeniuma. Maneno hayo nimeyasikia miaka yote niliyofundisha, na mtoto anayeambiwa hunyamaza kwa kuwa hana la kujibu. Basi tumpe la kujibu.

Aanze na methali ya mjomba wake, aitazame neno kwa neno. *Mwacha* inatokana na kuacha. *Mtumwa* ni yule anayetumwa. Hayo ni ya Kibantu, sawa na maneno ya jirani zetu Wapokomo na Wamijikenda, ambao lugha zao na yetu ni tumbo moja. Lililotoka Uarabuni hapo ni *asili*. Neno hilo ni zuri na tumelizoea, lakini limekuja likakuta methali ya kukaa. Ukiliondoa utapata jingine la kuweka mahali pake. Ukiondoa m- ya mwanzo, na *ni*, na -wa ya mwisho, huna methali tena.

Kisha achukue kitabu. Mwarabu akiwa na *kitab* kimoja, vikiwa vingi husema *kutub*. Wazee wetu walisikia ile ki- ya mwanzo wakaiweka pamoja na kiti na kisu, wakasema vitabu. Hakuna Mwarabu asemaye vitabu. Na tangu hapo ni kitabu kizuri, vitabu vizuri, kitabu changu kimepotea: kila neno linalofuata linamtii mgeni aliyevalishwa nguo za nyumbani. Wenzetu wa Tanzania wamefanya vilevile juzijuzi tu. Maneno mawili ya Kiingereza ya kumwambia dereva ashike kushoto wameyafanya *kiplefti*, na mizunguko ya barabarani ikiwa miwili ni *viplefti*. Mwenye lugha utamjua hapo, kwenye kupanga. Kuhesabu maneno ya kigeni hakutakuonyesha.

Kwenye hesabu nitakaa kidogo, maana ndipo ninapopapenda zaidi. Moja hadi tano, nane na kumi ni zetu. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu. Je, kabla ya hapo tulikuwa tukiruka? La. Tulikuwa na tandatu, fungate na kenda. Mnyarwanda hadi leo akihesabu sita husema *gatandatu*. Kenda imo katika jina la Wamijikenda, watu wa miji tisa. Na fungate unaijua mwenyewe, zile siku saba za maharusi kukaa ndani. Kila bibi harusi wa pwani amezihesabu siku hizo kwa lugha ya mabibi wa mabibi zake.

Halafu juma letu. Tunaanza kuhesabu baada ya Ijumaa: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, mpaka Jumatano ambayo ni ya tano. Kesho yake ni Alhamisi, na kwa Kiarabu Alhamisi nayo maana yake ni ya tano, kwa sababu wao huanza hesabu siku tunayoiita Jumapili. Siku mbili za tano zinafuatana! Hesabu mbili zimekutana katika juma moja, na mtoto wa miaka minne huzitaja zote kwa pumzi moja. Mkinitaka nimwonyeshe mtu Mswahili ni nani, nitamwonyesha hapo.

Mjomba wa mtoto simkatalii kila kitu. Dini, sheria, dunia, wakati, sababu, hata *lakini* tunayobishania, zote zilivuka bahari. Jina letu lenyewe linatokana na *sawahil*, yaani pwani, na msafiri Ibn Battuta aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 alizitaja nchi hizi kwa jina hilo. Damu nayo imechanganyika. Mwaka 2023 wataalamu walitoa matokeo ya uchunguzi wa mifupa ya watu 80 wa kale, wakiwemo waliozikwa Mtwapa, Manda na Kilwa. Kwa wengi wa watu wa miji ya pwani, zaidi ya nusu ya nasaba ilikuwa ya Kiafrika, hasa kwa upande wa mama. Ya ng'ambo, nyingi ikiwa ya Uajemi, ilipitia kwa baba. Mimi naamini lugha ilifuata walezi. Mjomba ajivunie babu zake wa ng'ambo, ni haki yake, ila asiwafute bibi waliombembeleza mtoto usiku.

Wewe mwenyewe ukitoka sokoni umejifunga leso. Neno hilo ni la Wareno, kwao likiwa kitambaa cha mkononi. Pale Ngomeni wakajenga ngome yao kuanzia 1593, wakang'olewa 1698, na neno lao la kanisa, *igreja*, likabaki kwetu kuwa gereza. Sijasikia mtu akisema mwanamke aliyevaa leso ni Mreno.

Na wenzake wa bweni? Awaulize Kiingereza wanachofanyia mitihani kimetoka wapi. Baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuitwaa Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kiliingia humo kwa maelfu ya maneno: ya mahakama, ya jeshi, hata ya nyama mezani. Hakuna amwambiaye Mwingereza hana lugha. Binti yako aseme hivyo kwa upole, bila ugomvi, na akirudi shule achukue kitabu na vitabu vyake aende navyo.

SWALI: Mwalimu, babu husema *hela* tumeachiwa na Wajerumani. Ni kweli au ni hadithi tu?
*Msomaji, Moshi*

JIBU: Babu anasema kweli. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ilianza kutengeneza sarafu za *Heller* kwa ajili ya koloni lao la Afrika Mashariki, mia moja zikifanya rupia moja. *Shule* nayo ni yao, ndiyo maana Zanzibar, ambako hawakutawala, mtoto huenda skuli. Mwulize babu kama familia imehifadhi hela hizo. Kama zipo, msiziuze kwa mchuuzi wa vyuma chakavu, na mumwandike babu majina ya waliozishika.