Usisaini karatasi ya 25-25-25-25

Ndugu wa Busia, Uganda, usisaini. Umeandika kwamba mko wanne, mnafungua kampuni ya kununua na kusafirisha mahindi, na wakala wa usajili amewaambia muandikishe mtaji wa shilingi milioni 20, hisa 100, kila mmoja 25, na mwenzenu wa nne "atalipia baada ya mavuno". Kama karatasi bado iko kwa wakala, mfuate leo uichukue.

Sisi Arua tulifanya hivyo hivyo, watatu, biashara ya simsim. Mtaji milioni 10, hisa 100 za shilingi 100,000 kila moja: mimi 40, wenzangu 30 na 30. Wakala akatuambia tugawe hisa zote ziishe, eti zikibaki faili litaonekana halijakamilika. Uongo mtupu! Mtaji ulioandikishwa ni kiwango cha juu tu. Hakuna anayewalazimisha kuugawa wote siku ya kwanza. Na mmoja wetu aliposema hana pesa kwa wakati ule, wakala akajibu: "Hayo ni yenu ya ndani, registra (msajili wa kampuni) haulizi." Akachukua ada yake, akaenda zake. Mpaka leo nikimkumbuka damu inachemka.

Sikiliza vizuri hapa. Mtu akitia saini waraka wa uanzilishi na mbele ya jina lake pakaandikwa hisa 30, kampuni ikisajiliwa tu yeye ni mwanahisa wa hisa hizo 30, awe amelipa au hajalipa. Pesa inakuwa deni lake kwa kampuni, lakini uanahisa anao. Mwenzetu yule aliyesema hana pesa, mwenye hisa 30, alikwenda Juba bila kuleta hata shilingi.

Baadaye akaja mfanyabiashara wa Koboko na milioni 15, anataka moja ya tano ya kampuni. Hisa za kumpa hatuna. Ilibidi kwanza tuongeze mtaji na kulipa ushuru wa stempu, asilimia 0.5 ya nyongeza. Hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba alitaka katiba ya kampuni ibadilishwe ili awe na kiti cha uhakika kwenye bodi, na kubadilisha katiba kunahitaji azimio maalumu, robo tatu ya kura zinazopigwa. Sisi wawili tuliolipa tulikuwa na 70. Yule wa Juba akatuma mwakilishi na barua yenye sahihi, akapinga kwa kura zake 30. Sabini haifiki robo tatu ya mia.

Nikauliza, mtu ambaye hajalipa anapigaje kura? Wakili akafungua katiba yetu, ile ya mfano ambayo wakala alitunakilia bila sisi kuisoma, akanionyesha: anayenyimwa kura ni yule ambaye deni lake limefika muda wa kulipwa. Deni hilo hufika muda pale wakurugenzi wanapotoa wito wa malipo. Sisi hatukuwahi kutoa wito, kwa hiyo kwa karatasi hakuwa na kosa lolote. Kumnyang'anya hisa nako kuna hatua zake: wito, kisha notisi ya siku zisizopungua 14, kisha azimio la bodi. Mwekezaji hakungoja yote hayo. Alichukua milioni zake 15, akaingia na watu wengine. Na sisi mwishowe tukamlipa mtu wa Juba ili aachie hisa ambazo hakuwahi kuzitolea senti.

Kwa hiyo sharti langu ni moja, na sitalilegeza kwa undugu wala urafiki: jina lisiandikwe mbele ya hisa mpaka pesa yake iko kwenye akaunti na risiti ya benki mnayo mkononi.

Nyinyi fanyeni hivi. Andikisheni milioni 40, hisa 2,000 za shilingi 20,000. Ushuru wa stempu utatoka 100,000 kuwa 200,000, basi. Walio na milioni 5 tayari wajiandikishe hisa 250 kila mmoja. Wa nne mwandikeni hisa moja, alipe 20,000 zake, aingie. Akivuna na kuleta pesa, wakurugenzi mnakaa, mnaandika kwenye kumbukumbu jina lake, idadi ya hisa, bei na tarehe pesa ilipoingia. Kisha mnapeleka taarifa ya ugawaji kwa registra, yaani URSB, ofisi ya usajili wa kampuni Uganda, mnamwingiza kwenye daftari la wanahisa na kumpa cheti. Hisa nyingine zinabaki kwa ajili ya atakayekuja kesho na pesa.

Umetaja pia kwamba mmoja ana Fuso anayotaka ihesabiwe kama mchango wake. Inawezekana, ila kwanza ikadiriwe thamani, muandikiane mkataba, na logibuku (kadi ya umiliki wa gari) ihamie jina la kampuni kabla hajapewa hisa hata moja. Mkataba huo unaambatana na taarifa inayokwenda kwa registra. Gari likibaki kwa jina lake, siku mkikosana ataliwasha na kuondoka nalo, na hisa bado ni zake.

Yale uliyouliza ya TIN (namba ya mlipakodi) na leseni ya manispaa wengine watakujibu. Wewe futa majina, weka hapa rasimu ya katiba aliyowapa huyo wakala, hasa kurasa za wito wa malipo na kura. Nitazisoma leo usiku.