Kabla hujatafuta lebo, soma kwanza Arctic Monkeys walivyotoka Sheffield

Vijana wenye bendi huwa wananiuliza swali moja tu, awe yuko Dar, Arusha au hapahapa Sheffield, Uingereza, ninapoishi na kupiga kazi ya fundi mitambo wa sauti kwenye shoo: kaka, lebo tunaipataje? Jibu langu halijawahi kubadilika. Lebo, yaani kampuni ya kurekodi na kuuza muziki, ije ikukute una watu wako tayari. Na kama unataka kuona hiyo kitu inafanyikaje kwa vitendo basi kaa chini ufuatilie vizuri Arctic Monkeys, bendi ya roki ya hapa Sheffield, walivyopanda, siyo ile stori fupi ya mtandaoni kwamba "intaneti ndo iliwatoa", hapana, namaanisha safari yenyewe kuanzia kitongojini kwao.

Kwao ni High Green, kaskazini kabisa mwa Sheffield, sehemu ya kawaida tu ya watu wa kawaida. Alex Turner, ambaye ndo mwimbaji, na Jamie Cook walipewa magitaa Krismasi ya 2001 wakiwa bado madogo, Matt Helders alikuwa jirani yake Turner tangu utotoni na akachukua drams kwa sababu ndo kitu kilichokuwa kimebaki, Andy Nicholson akashika besi, na 2002 wakawa bendi. Hapo hawakukimbilia jukwaani. Walijifungia kufanya mazoezi pale Yellow Arch, studio iliyoko Neepsend, eneo la viwanda vya zamani, na shoo yao ya kwanza wakaipiga tarehe 13 Juni 2003 kwenye baa inaitwa The Grapes, katikati ya jiji. Mapato ya tiketi yalikuwa paundi 27. Watu wanne, paundi 27, hata saba kila mmoja hazifiki. Nataja hiyo hela kwa sababu najua bendi kibao zinavunjika ndani ya mwaka wa kwanza kwa kuona shoo hazilipi, na mimi nasema shoo za mwanzo kazi yake siyo kulipa.

Baada ya hapo meneja wao, Geoff Barradale, ambaye mwenyewe alishawahi kuwa mwanamuziki, akawalipia studio wakarekodi demo, yaani rekodi za majaribio, na prodyuza Alan Smyth hapahapa Sheffield. Halafu wakafanya kitu ambacho bendi nyingi hadi leo zinaogopa: wakawa wanachoma nyimbo kwenye CD na kuwagawia bure watu wanaokuja kwenye shoo. Bure kabisa. CD zenyewe zilikuwa chache kwa hiyo waliozipata wakaanza kuziingiza kwenye kompyuta na kurushiana wenyewe kwa wenyewe, demo zikakusanywa zikapewa jina la Beneath the Boardwalk kwa ajili ya ukumbi wa Boardwalk walikokuwa wanapigia, na ukurasa wa Myspace, mtandao wa kijamii wa enzi hizo, ambao kila mtu anautaja ulifunguliwa na mashabiki, bendi yenyewe ilikuwa haijui hata hiyo Myspace ni kitu gani. Sasa hapo niambie, intaneti iliwatoa au watu waliokuwa wameshawaona kwa macho yao ndo waliwabeba mpaka intaneti?

Hili jambo mimi naliona kila wikiendi nikiwa nyuma ya mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, ndo maana nalisema kwa uhakika. Chukua ukumbi mdogo wa baa: spika mbili juu ya stendi, monita moja, ile spika ya mwimbaji kujisikia mwenyewe, imechoka pale mbele, dramsa amekaa hatua mbili nyuma ya mwimbaji. Simbali zinaingia moja kwa moja kwenye maiki ya mwimbaji, kila nikipandisha sauti yake napandisha na simbali, nikizidi kidogo maiki inaanza kupiga filimbi. Mpiga gitaa naye kageuza ampu yake imtazame mtu wa safu ya kwanza usoni. Katika hali hiyo mtu aliyesimama nyuma karibu na kaunta atasikia mdundo, atasikia gitaa, lakini maneno yatamfikia vipandevipande. Na nyimbo za Turner zile za mwanzo ni maneno, jamaa anamwaga mistari kama mtu anayekusimulia jana usiku kulitokea nini. Kwa hiyo ile CD ya bure ndo iliyokuwa inafundisha watu maneno nyumbani, kwenye basi, kwenye gari la mshikaji, wakija shoo inayofuata wanaimba wao, na yule mgeni aliyeletwa na rafiki yake anakuta ukumbi mzima unajua nyimbo ambazo hazijawahi kupigwa redioni hata siku moja. Huyo mgeni akitoka pale lazima aitafute hiyo demo. Nimeshuhudia bendi ndogo hapa ikipata hali hiyo kwa watu arobaini tu, nywele zinasimama.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo: demo na shoo vitembee pamoja. Siku hizi hakuna anayechoma CD, sawa, lakini bado unaweza kumtumia mtu faili lenyewe WhatsApp palepale mlangoni, mkononi, na siyo kumwambia "tutafute Spotify" kisha akafika kwake ameshasahau jina la bendi. Na mkimaliza shoo rudini palepale baada ya wiki chache, ukumbi uleule, msiruke mji mpaka mji mkiwa hamjulikani popote. Na kama mna hela kidogo ya studio, iende kwenye sauti ya mwimbaji isikike neno kwa neno, magitaa matano ya kupandishiana juu hayatawasaidia kitu.

Kingine ni mnachoimba. Hawa jamaa waliimba pale walipo, kwa lafudhi yao ya Sheffield bila kuinyoosha, wakati bendi nyingi za Uingereza zilikuwa zinaimba kama vile zimezaliwa Marekani. Wana wimbo unaoitwa Fake Tales of San Francisco unaowasema hao hao, na ndani yake wametaja Hunter's Bar, mtaa ambao mimi basi langu linapita hapo nikienda kazini, mzunguko wa magari na maduka basi. When the Sun Goes Down ni ile Neepsend ya karibu na chumba chao cha mazoezi, wanawake waliokuwa wanajiuza barabarani usiku na wanaume waliokuwa wanazunguka pale. Walikuwa wanafika mazoezini, wanaona, wanaandika. Ukimsikiliza kijana wa umri ule akieleza vurugu za teksi za usiku wa manane kwa umakini ule unaelewa kwa nini vijana wa miji ya jirani, Barnsley, Doncaster na Rotherham, walihisi wanaimbiwa wao, maana maisha ni yaleyale. Na mtu wa Tokyo naye akaelewa. Sijawahi kuona wimbo ukikataliwa kwa sababu umetaja mtaa halisi.

Hapa kuna kipande nakipenda kuliko vyote, nacho hakitajwi sana. Turner alikuwa anafanya kazi baa pale Boardwalk. Ukumbi wenyewe una historia, enzi hizo ukiitwa Black Swan ndo The Clash, bendi ya punk, walipiga shoo yao ya kwanza kabisa, Julai 1976 wakiwatangulia wenzao Sex Pistols. Sasa siku moja Turner akiwa kazini akaja kufanya onyesho John Cooper Clarke, mshairi wa Salford anayeghani kwa kasi ya ajabu, na dogo akabaki ameganda pale kaunta. Miaka ikapita, na kwenye albamu ya AM ya 2013 wakafunga kazi na I Wanna Be Yours, ambalo ni shairi la huyohuyo Clarke limetiwa muziki, na leo ni moja ya nyimbo zao zilizosikilizwa sana, Spotify peke yake imeshapita mara bilioni moja. Yote yalianzia kwa kijana aliyekuwa anamimina bia. Mimi nilianza kwa kubeba spika na kukunja nyaya, na nakwambia ukweli mdogo wangu, ukipata kibarua chochote kwenye ukumbi wa muziki kichukue, mlangoni, kaunta, kufagia, popote. Utaona bendi hamsini kabla yako hujapanda, utajua watu wanaanza kwenda chooni wimbo wa ngapi, utajua ule ukimya kati ya wimbo na wimbo unavyoua shoo, na siku moja atapita mtu wa kukubadilisha.

Haya, lebo. Mei 2005 walitoa singo yao kwa lebo waliyoianzisha wenyewe, Bang Bang, CD 500 na santuri 1,000 basi. Makampuni makubwa yalikuwa yameshaanza kuwanyemelea na wao Juni wakasaini na Domino, lebo huru ya Laurence Bell, mtu aliyekuwa anaendesha shughuli zake nyumbani kwake na kusaini bendi anazozipenda yeye mwenyewe. Agosti wakapiga tamasha la Reading na Leeds kwenye jukwaa dogo na watu wakafurika mpaka nje ya hema. Oktoba singo ya I Bet You Look Good on the Dancefloor ikaingia moja kwa moja namba 1 Uingereza, juu ya Robbie Williams na Sugababes. Januari 2006 ikatoka albamu yao ya kwanza, wiki ya kwanza nakala 363,735, hakuna bendi iliyokuwa imewahi kuuza albamu ya kwanza kwa kasi hiyo nchini humo, na Septemba wakabeba Tuzo ya Mercury, ya albamu bora ya mwaka Uingereza.

Sasa ebu tulia hapo kwenye hiyo namba. Sehemu kubwa ya nyimbo za ile albamu zilikuwa zimeshazunguka bure zaidi ya mwaka mzima! Watu walikuwa nazo. Wakaenda kununua tena. Ndo maana kijana akiniambia "nikizitoa bure nani atanunua" namuonyesha hii, kwamba mtu ambaye wimbo umeshaishi naye mwaka mzima anataka kuwa na kitu chenu mkononi, anataka kuwalipa, shida yenu saa hizi siyo kuibiwa, ni kutojulikana.

Na angalia mkataba umewapa nini. Wamekaa Domino albamu zote saba, mpaka The Car ya 2022, na katika muda huo wameruhusiwa kugeuka kila walipotaka. Humbug ya 2009 walienda jangwani California kurekodi na Josh Homme wa bendi ya Queens of the Stone Age, sauti ikawa nzito na ya polepole, baadhi ya mashabiki wakalalamika sana. Miaka minne baadaye ikaja AM na kuwapeleka Marekani kwa ukubwa ambao hawakuwahi kuwa nao. Halafu 2018 Turner akaacha gitaa pembeni akaandika albamu nzima kwenye piano, Tranquility Base Hotel & Casino, na bado ikaingia namba 1 kama tano zilizotangulia. Kuna lebo ngapi zingevumilia hiyo?

Bendi niliyokuwa napigia besi tuliwahi kuletewa mkataba na lebo moja ndogo ambayo siitaji, karatasi nyingi, lugha tamu. Tukaupeleka Musicians' Union, chama cha wanamuziki hapa Uingereza, maana mwanachama anapewa ushauri wa mkataba bila malipo ya ziada, na mwanasheria akatuonyesha kifungu kinachosema rekodi zetu zote ni mali yao milele na kingine kinachowapa wao uamuzi wa wimbo upi utoke. Hatukusaini. Kwa hiyo ukiletewa karatasi uliza hivi na uandikiwe: rekodi ni za nani na kwa miaka mingapi, unadaiwa albamu ngapi, hela ya studio wanakopesha au wanatoa, na nani ana neno la mwisho kuhusu muziki wenyewe. Wakikuharakisha ondoka. Ukiwa na watu wako mia tatu wanaojua nyimbo, utaondoka bila kutetemeka, na hapo ndo unaona kwa nini nilisema watu kwanza.

La mwisho ni gumu na bendi nyingi hazitaki kulizungumza. Mei 2006, albamu ikiwa bado ya moto, Andy Nicholson hakwenda ziara ya Marekani na Kanada, ikaelezwa ni uchovu, na mwezi uliofuata ikatangazwa haendelei na bendi. Mtu aliyekuwepo tangu zile paundi 27. Nafasi yake akaingia Nick O'Malley, rafiki yao wa nyumbani, mwanzoni kwa muda tu halafu moja kwa moja, na yupo mpaka leo. Umaarufu ulikuja kwa kasi na mwili una kikomo, hilo linaweza kumkuta yeyote. Kwa hiyo mkiwa bado marafiki, mkiwa bado mnagawana hela ya chipsi, kaeni mezani muandike: nyimbo ni za nani na kwa asilimia ngapi, jina la bendi ni la nani, vyombo vilivyonunuliwa kwa hela ya pamoja vinabaki na nani, mtu akichoka anapumzikaje bila kupoteza nafasi yake, na akiondoka anaendelea kulipwa kipi. Ukurasa mmoja unatosha, wote mweke saini na tarehe, kila mmoja abaki na nakala yake.