Kabla hujaandika 384: kwa mnaoanza shahada ya tathmini

Wadogo zangu, msimu wa fildi umekaribia na mapendekezo yenu ya utafiti yameanza kuzunguka. Bangokitita, lile jedwali la malengo na viashiria vya mradi, limepangwa vizuri; nadharia ya mabadiliko, mchoro wa jinsi mradi utakavyoleta matokeo, ina mishale yake yote; na kwenye sampuli imekaa namba ile ile ya kila mwaka: kaya 384. Tafadhali, tusimame hapo kwanza.

Namba hiyo ina masharti. Uhakika ni asilimia 95, uwiano unaokadiriwa ni 0.5, kosa (yaani jibu la sampuli linavyoweza kupishana na hali halisi, juu au chini) ni asilimia 5, na sharti mnaloliruka ni kwamba kila kaya ichaguliwe kwa bahati nasibu kutoka orodha moja ya eneo zima. Nyinyi mnachukua vijiji vinne vya pwani ya Mkinga, mkoani Tanga, kaya 96 kila kijiji, halafu mnaandika kwamba kosa bado ni asilimia 5. Haiwezekani. Watu wa kijiji kimoja wanafanana: mnunuzi wao wa mwani ni yule yule, afisa uvuvi ni yule yule, barabara ni ile ile. Kumhoji wa tisini na sita ni kuonja tena chungu ulichokwisha kuonja.

Fanyeni hesabu. Chukua idadi ya kaya kwa kijiji, toa moja, zidisha kwa kiwango cha kufanana kwa watu wa kijiji kimoja (0 hawafanani, 1 wanafanana kabisa), kisha ongeza moja. Tukiweka kufanana kuwa 0.05, kaya 96 zinaleta 5.75. Gawa 384 kwa hiyo: unabaki na nguvu ya kaya 67 tu zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, na kosa lako limefika asilimia 12. Kaya hizo hizo 384 ukizitawanya katika vijiji 24, kaya 16 kila kimoja, kigawanyo ni 1.75, nguvu ni kaya 219, kosa ni asilimia 6.6. Nauli itapanda, na ndiyo sababu bajeti huandikwa baada ya hesabu hii.

La pili ndilo linaloniuma zaidi, maana linaharibu kazi ya watu waliojituma. Mdadisi anafika saa nne asubuhi, kaya ya kumi na moja haina mtu, anahamia kwa jirani aliyekaa barazani. Kwenye tableti inasoma imekamilika. Ikitokea mara moja, haina neno. Lakini angalia kalenda: ni bamvua, mwezi umeandama au ni mpevu. Siku hizo pwani yetu maji hupwa sana kuanzia asubuhi kuelekea mchana, na akina mama wa mwani wako huko kwenye vigingi, wanafunga mbegu na kuvuna. Wanaopatikana nyumbani ni wenye maduka, wazee, na wale walioacha mwani zamani. Kwa hiyo mradi wa mwani unatathminiwa na wasiolima mwani. Ripoti inasema kipato hakikubadilika, mfadhili anasoma, na hakuna jedwali litakalomwonyesha kwamba wanufaika walikuwa baharini.

Basi pangeni kuwahoji wakulima hao wakati wa maji mafu, bahari isipopwa sana. Ratiba ya chuo ikiwabana mkaangukia bamvua, hojini alasiri. Rudini mara tatu kwa saa tofauti kabla ya kubadilisha kaya, na mbadala utoke kwenye orodha ya akiba iliyochaguliwa kwa bahati nasibu kabla hamjaondoka Tanga mjini. Mdadisi asiachiwe kuchagua. Wavuvi wa dagaa wa taa wao hutafutwa mwezi mpevu, ndipo wanapopumzika; usiku wa giza wako kazini na asubuhi wamelala.

Tatu, dodoso. Msimuulize mkulima wa mwani kipato cha mwezi. Mzunguko wake ni kama wiki sita, na mwezi wa kalenda haumhusu. Muulizeni mzunguko uliopita alifunga kamba ngapi, alikausha kilo ngapi, aliuza kilo moja kwa bei gani, kisha kuzidisha mtazidisha wenyewe.

Nne, vigezo sita vya kutathmini miradi vya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, tangu vilipofanyiwa marekebisho mwaka 2019, vinakuja na maelekezo kwamba visitumike kama orodha ya kutiki. Chagueni vinavyojibu hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi mliyopewa.

Barua ya chuo ya kuwatambulisha haitoshi. Ipite mkoani, wilayani, halmashauri, kwa mtendaji wa kata na wa kijiji, na nakala zitembee nanyi. Jaribuni dodoso katika kijiji kisichomo kwenye sampuli. Data ipakieni kila jioni.

Na kwenye sura ya mbinu wekeni jedwali la mistari minne: kaya zilizochaguliwa, zilizopatikana, zilizokataa, zilizobadilishwa na sababu zake. Msimamizi asipolidai, liwekeni hivyo hivyo.