Jibu: Je, gemu za zamani zilikuwa za bei nafuu?

Ndugu yangu wa Iringa, umeuliza kama ni kweli kwamba gemu za zamani zilikuwa za bei nafuu kuliko za sasa. Kwa kutazama bei za Marekani, jibu langu ni hapana.

Mwaka 1990 kaseti moja ya gemu ya Nintendo, kampuni ya Japani, iliuzwa kwa takriban dola 50, na fedha hizo, ukizingatia mfumuko wa bei, ni sawa na zaidi ya dola 110 za leo. Kaseti zilikuwa ghali kwa sababu ndani yake mlikuwa na chipu za kuhifadhi data, na kadiri mchezo ulivyokuwa mkubwa ndivyo gharama ya chipu ilivyoongezeka. Ndiyo maana katika miaka ya 1990 baadhi zilifika dola 70. PlayStation, mashine ya gemu ya kampuni ya Sony, ilipoingia na diski za CD, ambazo kuzitengeneza ni rahisi mno, bei zilishuka hadi dola 40 na 50. Baadaye zikapanda: 60 kuanzia mwaka 2005, 70 mwaka 2020, na mwaka 2025 Nintendo ikafikia 80.

Hata hivyo, hisia yako ina msingi. Sisi tuliokulia Mwanjelwa, hapa Mbeya, hatukununua kaseti hata moja. Tulilipa sarafu kibandani kwa kila mechi, na kwetu hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya gemu. Kijana wa leo anayetaka diski yake mwenyewe hulipa dola zilizogeuzwa kuwa shilingi, na dola iliyokuwa takriban shilingi 1,100 mwaka 2005 sasa imepita 2,000.