Mchanga wa Tangi la Maji ya Chumvi: Ninavyouchagua Hapa Kisumu

Wengi wanaoanza kufuga samaki wa baharini huku Kisumu huchagua mchanga kwa rangi. Mimi hutazama kwanza umetokana na nini, kisha ukubwa wa chembe zake, na mwisho kina kitakachowekwa. Rangi huja baadaye, kwa sababu baada ya wiki chache mwani wa kahawia huufunika hata mchanga mweupe kuliko yote.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni kama mchanga wa ziwani, au ule wa ujenzi unaouzwa kwa lori, unafaa. Chembe zake kwa kawaida ni za silika, ambayo yenyewe haina sumu, lakini mchanga huo huja na matope na mabaki ya mimea ambayo ni vigumu kuyaondoa yote hata ukiuosha mchana kutwa. Waliozoea kufuga fulu kwenye maji baridi hawaoni tatizo hilo, ila tangi la chumvi halina uvumilivu wa namna hiyo. Ninaopendelea ni mchanga wa aragonaiti, yaani kalisi kabonati iliyotokana na matumbawe na makombe. Kabla ya kulipa, dondoshea siki kwenye kijiko kimoja cha mchanga: wa kalisi kabonati hutoa mapovu, wa silika hukaa kimya. Hata hivyo, usimwamini muuzaji anayedai kwamba mchanga huo utakutunzia pH (kipimo cha uasidi wa maji) peke yake, kwa kuwa katika maji yenye pH ya 8.1 hadi 8.4 huyeyuka kidogo mno, na bado utalazimika kupima maji.

Wapo wanaowaomba jamaa zao wa Pwani wawachotee mchanga ufuoni. Ndani ya hifadhi za bahari kama Watamu na Kisite jambo hilo haliruhusiwi, na ule wa Malindi umechanganyika na udongo unaoletwa na mto Sabaki.

Kuhusu ukubwa, chembe za milimita 1 hadi 2 ndizo zilizonifaa zaidi. Mchanga laini kama sukari hupeperushwa na pampu za mkondo hadi kioo cha chini kikabaki wazi upande mmoja, ilhali vipande vikubwa vya matumbawe hunasa chakula na kinyesi, na nitrati, yaani taka inayotokana na uchafu huo ukioza, hupanda polepole bila mwenye tangi kujua chanzo chake.

Kina ndicho kinachohitaji kufikiriwa zaidi. Vitabu vingi husifu tabaka nene la sentimita 10 hadi 15, ambamo bakteria wa sehemu isiyo na oksijeni hupunguza nitrati. Ni kweli, lakini stima inapopotea kwa saa nyingi na pampu zikasimama, viumbe wote walio ndani ya mchanga huendelea kutumia oksijeni ileile wanayoitegemea samaki. Isitoshe, tabaka nene la zamani likivurugwa linaweza kutoa haidrojeni salfaidi, ambayo ni sumu. Kwa asiye na betri ya akiba, ninashauri sentimita 3 au 4 tu, zinazoweza kufyonzwa uchafu kwa mpira kila unapobadilisha maji. Kwa tangi lenye sakafu ya sentimita 90 kwa 45, kina cha sentimita 4 ni takriban lita 16, yaani karibu kilo 25 za mchanga mkavu. Piga hesabu hiyo kabla ya kuagiza kutoka Nairobi au Mombasa, kwani nauli ya mzigo hufuata uzito.

Miamba itangulie kukaa juu ya kioo ndipo mchanga umwagwe kuizunguka, la sivyo samaki wachimbaji watafukua chini yake na kuiangusha. Mchanga mkavu uoshwe hadi maji yatoke safi. Ule unaouzwa ukiwa na bakteria hai usioshwe kwa maji ya bomba, kwa maana klorini itawaua.

Kuacha kioo kitupu pia kunawezekana, na usafi wake ni rahisi, ila usifanye hivyo ikiwa unakusudia kufuga jongoo bahari au samaki wanaojifukia mchangani usiku ili walale.